Je, wajua kwa nini picha ya setilaiti ni bure, lakini mvua iliyopimwa Kasese hulipiwa?

Mtu aliyeko Kasese, magharibi mwa Uganda, mwenye simu na intaneti, anaweza leo kuifungua picha ya Mlima Rwenzori iliyopigwa siku chache zilizopita na setilaiti ya Sentinel-2 ya Umoja wa Ulaya, asilipe hata shilingi moja. Mtu huyohuyo akitaka kujua mvua iliyonyesha kila siku katika kituo cha hali ya hewa cha karibu tangu alipozaliwa, kwa kawaida ataandika barua ya maombi, ataeleza shughuli anayoifanyia, na mara nyingi ataambiwa ada ya kulipa. Wanafunzi na wakulima hushangazwa na jambo hili, na wana haki ya kushangaa: chombo kilichogharimu mamilioni mengi ya yuro kinatoa bure, na chupa ya kukingia mvua inatoza.

Tuanze na chupa hiyo. Kipimamvua cha kawaida ni silinda ya chuma iliyosimikwa kwenye nyasi fupi, mbali na miti na kuta, yenye faneli juu na chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe Jumapili au Idi, mpimaji huitoa chupa, huyamimina maji katika gilasi nyembamba yenye mistari, huinama mpaka jicho lake lilingane na usawa wa maji, kisha huandika daftarini, tuseme, milimita 12.4, ambazo maana yake ni lita 12.4 za maji kwa kila mita mraba ya ardhi. Asipofika siku hiyo, pengo hubaki katika rekodi daima, kwa sababu mvua ya jana haipimwi kesho. Baadaye tarakimu hizo lazima zihamishwe kutoka karatasi hadi kompyuta, zikaguliwe makosa ya kalamu, zihifadhiwe. Kazi yote hiyo huangukia bajeti ya nchi moja, ambako hushindania fedha na hospitali, shule na barabara, na ndiyo maana taasisi nyingi za hali ya hewa barani Afrika zimeifanya ada ya data kuwa njia ya kufidia sehemu ya gharama.

Picha za setilaiti nazo hazikuwa bure tangu mwanzo. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza mwaka 1972, na kwa miaka mingi picha zake ziliuzwa. Kabla tu ya kufunguliwa, picha moja ilikuwa takriban dola 600, bei ambayo ilimfungia mlango mtafiti wa Gulu au Mbarara aliyehitaji picha 20 ili aone msitu ulivyopungua. Mwaka 2008 ghala lote likafunguliwa, na matumizi yakapanda kwa kasi ambayo mauzo hayakuwahi kuikaribia. Gharama haikutoweka: inalipwa na mlipa kodi wa Marekani, kama ile ya Sentinel inavyolipwa na mlipa kodi wa Ulaya. Norway nayo, kuanzia mwaka 2020, ilizilipa kampuni binafsi ili picha kali zaidi za nchi za tropiki ziwafikie watu wote wanaofuatilia misitu. Mpango huo kama ulivyoanza ulikoma Januari 2025. Neno “bure” daima lina mlipaji wake nyuma, na mlipaji huyo anaweza kuondoka.

Upande wa sheria za kimataifa, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha mwaka 1995 azimio linalozitaka nchi wanachama zibadilishane data za msingi bure na bila masharti, huku data za ziada zikiruhusiwa kuwekewa masharti. Sera mpya ya mwaka 2021 ilipanua fungu la msingi, sambamba na mtandao wa vituo vya nchi kavu vinavyotakiwa kuwapo walau kila kilomita 200. Umbali huo ni karibu sawa na kutoka Kampala hadi Mbale kwa mstari mnyoofu, na mkulima yeyote wa Busoga atakuambia ni mvua ngapi tofauti hunyesha katikati ya miji hiyo miwili. Data anayoihitaji yeye, ya kijiji chake na ya kila siku, huwa kwa sehemu kubwa nje ya fungu hilo.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Data za mvua za bure mtandaoni, kama zile za CHIRPS zinazoanzia mwaka 1981 na kugawanya ardhi katika miraba ya takriban kilomita 5, hazitokani na setilaiti peke yake. Setilaiti inayotumika hapo haioni mvua. Inapima ubaridi wa vilele vya mawingu, na kutokana na ubaridi huo mvua hukadiriwa. Katika miteremko ya Elgon na Rwenzori mvua kubwa inaweza kuanguka kutoka mawingu ya chini yasiyo baridi sana, na hapo makadirio huwa pungufu. Kinachoyasahihisha ni vipimamvua vya ardhini. Kituo kikifa kwa kukosa mshahara wa mpimaji, data ya bure nayo inaharibika, ingawa ramani itaendelea kupendeza machoni.

Halafu kuna bando. Nchini Uganda kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, ilibadilishwa mwaka 2021 kuwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bei ya data ya intaneti, kwa hiyo faili la bure lina bei yake. Kipande kimoja cha Sentinel-2, chenye upana wa takriban kilomita 100, hula mamia ya megabaiti. Ushauri wangu ni kukata kabla ya kupakua: jedwali la mvua ya kila siku ya mraba mmoja wa CHIRPS kwa miaka 40 ni tarakimu zisizofika 15,000, na uzito wake haufikii hata picha moja ya simu. Anayeomba rekodi za kituo naye ataje kituo, miaka, na kama anahitaji jumla ya mwezi au ya kila siku, maana mara nyingi ya mwezi inamtosha.

Naamini rekodi za vituo zingepaswa kufunguliwa, na naamini kwa nguvu ileile kwamba kufuta ada bila kumlipa mpimaji kutoka bajeti ya serikali ni kuua chanzo chenyewe. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipofurika na kuingia katika nyumba na hoteli za ufukweni, usawa wake kwenye kipimo cha Jinja ulifika mita 13.42. Setilaiti zinazopima usawa wa maziwa ziliuona mwinuko huo, lakini zilianza kazi hiyo miaka ya 1990. Tuliweza kujua kwamba rekodi ya Mei 1964, mita 13.41, imevunjwa kwa sentimita moja, kwa sababu mwaka ule kuna mtu alikwenda ukingoni Jinja, akasoma kipimo, akaandika.