M si saizi ya fulana

Jumamosi dada yangu alinipigia simu akiwa dukani, ameshika kasha la gemu la video, The Last of Us. Mwanawe wa miaka 13 alikuwa amemshawishi kwamba ile M iliyochapwa pembeni ni midiamu, kama kwenye fulana: gemu si kubwa, si dogo, la kumtosha. Dada hakuingia mkenge, akamuuliza muuzaji. Jibu nililisikia mwenyewe simuni: "Usiwe na wasiwasi mama, hii haina mambo ya kikubwa. Ni ya kuua tu."

Basi maana yenyewe, upesi. M ni kifupi cha neno la Kiingereza "mature", na ni daraja la ESRB, bodi ya Marekani inayopanga magemu kwa umri, iliyoanzishwa 1994 baada ya maseneta kulalamika mwaka mmoja kabla juu ya gemu la kupigana la Mortal Kombat na damu yake. Inasema maudhui yaliyomo yanamfaa mtu wa miaka 17 na kuendelea. Makasha ya sehemu kubwa ya Ulaya hayana herufi, yana namba za umri za PEGI, mfumo ulioanza 2003: 3, 7, 12, 16 na 18. Gemu alilolishika dada ni M kwa Wamarekani na 18 kwa Wazungu wa Ulaya. Ufafanuzi umekwisha hapo.

Kinachonikera ni hayo "mambo ya kikubwa", yaani ya watu wazima. Neno mzima, kama mnavyojua, halikuanza na umri. Mkate mzima ni ule ambao haujakatwa. Ukiuliza "u mzima?" huulizi mtu amezaliwa lini. Mtu mzima ni mtu aliyetimia. Lakini tangu enzi za kanda za video tulipoona haya kutaja ngono kwa jina lake, tukaazima heshima ya wakubwa tukaifunikia, na sasa "picha za watu wazima" ni kitu kimoja tu. Matokeo yake mzazi anapokagua gemu anatafuta kitu hicho kimoja. Asipoona mtu uchi, anaona pametakata, analipa, anaondoka. Ajabu ni kwamba hata hao Wamarekani ngono ya waziwazi wameitengea daraja lake, AO, la miaka 18 na zaidi, pamoja na kamari ya pesa halisi. Kwa hiyo anayedhani M ndiyo alama ya uchafu anaugongea mlango usio wake.

Kuna na kundi la pili, wale wanaotafsiri M kuwa "iliyokomaa". Hapa vijana wanatupiga chenga. Kwao kukomaa ni kukaza: "Nimekomaa nayo wiki nzima mpaka nimeimaliza." Basi herufi inageuka kuwa kipimo cha ugumu, na kijana anayeambiwa "hii si ya rika lako" anasikia "huiwezi". Nani atakubali tusi hilo? Lakini daraja halipimi vidole. Magemu ya mpira ya EA Sports kwa miaka mingi yamepewa PEGI 3, na sijaona mtoto wa miaka mitatu anayejua kupiga kona. Mpwa wangu ananifunga 5 bila huruma. Uwezo wa kucheza haujawahi kuwa swali.

Neno lenyewe Wazungu walilitoa kwenye Kilatini, "maturus", la tunda lililoiva kwa wakati wake. Sisi tuna kupevuka, ambalo lingefaa kuliko kukomaa, ila liulizwe swali linalopaswa: kilichopevuka ni kipi, gemu au anayecheza? Bodi inamzungumzia mlaji. Muuzaji anauza embe.

Na kwenye magemu ya hadithi herufi haitoshi, hata ukiielewa. Chukua hilohilo la dada. Linaanza na binti wa rika la mpwa wangu, usiku, peke yake ndani ya nyumba, anamtafuta baba yake. Padi iko mkononi mwako, wewe ndiye unayemtembeza kutoka chumba hadi chumba. Muda si mrefu askari anampiga risasi na anafia mikononi mwa huyo baba. Ukiipima kwa damu, ni onyesho dogo. Mimi nilikuwa na ndevu tayari, na nilizima nikaenda kukaa nje.

Kisha mwishoni, ukiwa sasa unamwongoza huyo baba, kuna chumba cha upasuaji. Daktari amesimama na kisu kidogo kati yako na mgonjwa, msichana mwingine ambaye baba huyo amekuja kumwokoa. Unaweza kusimama hapo mpaka chai ipoe. Hadithi haisogei mpaka umuue. Kwenye filamu mtoto hufumba macho, mambo yakapita. Hapa kufumba macho hakusaidii, kwa sababu kinachosubiriwa ni kidole chake. Baadaye baba huyo anamdanganya msichana huyo, na gemu linaisha bila kukwambia kama alifanya vyema au vibaya. Orodha ya nyuma ya kasha itakutajia ukatili na matusi. Hilo la kuachwa na uongo wa mtu uliyemwongoza mwenyewe kwa saa nyingi haitalitaja, maana halina jina la kuandikwa kwenye kibandiko.

Kwa hiyo mimi husitasita kidogo kwa magemu ya risasi yasiyo na kisa, na husitasita zaidi kwa haya mazuri. Kijana wa miaka 16 anayejua kubishana na hadithi, mwenye mkubwa aliyeketi jirani, ningempa. Wa 13 anayeamini kwamba M ni midiamu, bado.

Dada alilirudisha kasha, akachukua la mpira. Kwa kaka muuzaji sina ugomvi, alijibu alichoulizwa kama anavyoulizwa kila siku. Ila mama mwingine akija akataka kujua kama gemu hilo lina mambo ya kikubwa, amwambie ndiyo, linayo. Kuua ni mojawapo.