Sukari imeshuka, mbona bado mnamchoma insulini?

Hili swali ndugu wa wagonjwa wanatuuliza sana wodini na nawaelewa kabisa, mgonjwa wa kisukari kaletwa jana sukari 28, anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu na mdomo unanukia kama tunda lililoiva mno, leo mashine inasoma 12 halafu wanakuta insulini bado inaenda na juu tumemtundikia dripu ya glukosi, yaani maji ya sukari.

Iko hivi. Mwili ukikosa insulini sukari inabaki kwenye damu, seli zina njaa, basi mwili unaanza kuyeyusha mafuta ili upate nguvu na hapo zinazaliwa ketoni, zikizidi damu inakuwa na tindikali, hali hii ndiyo tunaiita ketoasidosisi ya kisukari (DKA). Sasa tindikali inachelewa kuondoka kuliko sukari. Tukikata insulini kisa mashine imesoma vizuri, ketoni zinarudi palepale. Ile glukosi inamlinda sukari isishuke kupita kiasi wakati insulini inamalizia kazi.

Na tunaanza na maji ya dripu, sio insulini, maana mgonjwa kakojoa mpaka kakauka, mtu mzima anaweza kuwa amepoteza hata lita 6. Potasiamu nayo, madini ya kwenye damu, lazima ipimwe kwanza, insulini huwa inaishusha na ikishuka sana moyo unaweza kusimama, kwa hiyo mkiona tunasubiri kidogo msidhani tumewasahau. Kwa watoto tunakuwa waangalifu zaidi kwa sababu ubongo unaweza kuvimba, mtoto akilalamika kichwa au akaanza kusinzia ovyo mwiteni nesi saa hiyohiyo.

Kupona anapona jamani. Zamani hii ilikuwa kifo tu, mpaka Januari 1922 kule Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 Leonard Thompson alipochomwa insulini akaishi miaka 13 mingine. Siku hizi anayewahi mara nyingi anatoka kwenye hatari ndani ya siku moja au mbili. Wanaotuumiza roho ni wanaoletwa wamechelewa, wametibiwa malaria siku tatu hakuna aliyepima sukari, au wameachishwa insulini nyumbani eti kwa sababu hawali.

Mwenye kisukari aina ya kwanza akiugua, hata kama hali chakula, insulini yake ile inayofanya kazi kwa muda mrefu haiachwi. Dozi inaweza kubadilishwa, pigeni simu kliniki muulize, mpimeni sukari kila baada ya saa chache, na akianza kutapika au kuhema vile msisubiri kukuche, mleteni usiku huohuo na dawa zake zote mkononi.