Tangazo la mistari minne, apruvo za watu saba: dhana potofu kuhusu websaiti za makampuni makubwa

Mwangaluka wadau. Huku Tabora makampuni makubwa tunayaona kama matawi tu, makao makuu yako Dar, kwa hiyo ukitaka kujua websaiti ya kampuni fulani imeoza kiasi gani achana na ule ukurasa wa mbele wenye picha ya mkurugenzi, nenda moja kwa moja ukurasa wa matawi, tafuta Nzega, tafuta Urambo, tafuta Kasulu kule Kigoma. Utakuta namba ya meneja aliyeshahamishwa kitambo, saa za kufungua za kipindi cha korona, na ramani inayokupeleka kwenye jengo ambalo sasa hivi ni gesti. Na watu wa tawi wanajua kabisa, walishatuma imeili, wakakumbushia, wakachoka. Marekebisho yako njiani yanatafuta apruvo, yaani saini za wakubwa wa kuyapitisha.

Siku hizi kila kampuni iko kwenye "mageuzi ya kidijitali" na websaiti ndo inaanza kuguswa, ndo hapo sasa maneno ya kwenye vikao yanapoanza. Haya hapa ndo nayasikia sana.

DHANA: Tukinunua mfumo mpya apruvo zitaenda fasta

Hii ndo mama yao. Mfumo wa kusimamia maudhui, wenyewe wanaita CMS, kazi yake ni kutunza maandishi na picha, kukumbuka nani kaandika nini, na kuitoa drafti kwa mtu huyu kuipeleka kwa yule. Watu haupunguzi. Kama zamani drafti ilikuwa inazunguka kwa imeili kwa watu saba, ukanunua mfumo wa mamilioni ukawaingiza wale wale saba, itaendelea kuzunguka kwa watu saba ila sasa kwa notifikesheni, basi, hicho ndo umenunua.

Fanya hivi, chukua tangazo lolote lililokaa wiki mbili, muulize kila aliyeligusa alitumia dakika ngapi kulisoma, jumla nadhani hata saa moja haifiki. Muda wote uliobaki lilikuwa limelala kwenye inboksi ya mtu ambaye yuko safari Dodoma. Kwa hiyo cha kupima ni muda wa kusubiri, na dawa yake muuzaji wa programu hana. Kila hatua iwe na jina la mtu mmoja (mtu, maana "idara ya masoko" haipokei simu), awepo wa kukaimu akiwa likizo, kuwe na muda maalum, tuseme siku moja ya kazi, na ijulikane mapema muda ukipita inakuwaje, linapanda kwa bosi wake au linapita lenyewe? Saa za tawi zipite. Riba ya mkopo isipite hata kama mtu kalala. Haya yote mnayachora kwenye karatasi kabla hata hamjaita wauzaji waje na projekta zao, la sivyo ni kupaka mabehewa rangi mpya wakati treni bado imesimama stesheni ya Tabora inasubiri njia ya Kigoma.

DHANA: Wakikagua wengi makosa yanapungua

Inaingia akilini kabisa, tatizo angalia kinachotokea. Wa kwanza anasema si wanasheria wataona, mwanasheria anasoma vifungu vyake tu, mkuu wa masoko anajua mwanasheria kashapitisha, halafu bosi akiona majina sita hapo juu anagonga sawa huku anaingia kwenye gari. Saba wamesaini na hakuna hata mmoja aliyeipiga ile namba ya simu kusikia kama inaita.

Ukweli ni kwamba makosa yanapungua pale kila mkaguzi anapokuwa na swali lake la kujibu. Mtu wa tawi anajibu kama mambo yenyewe ni ya kweli, mhariri anajibu lugha, mwanasheria anajibu tumemuahidi nini mteja. Na kama maswali hayategemeani wasome kwa pamoja, kuna sababu gani ya mmoja kumsubiri mwenzie?

Mfano mzuri ni serikali ya Uingereza. Oktoba 2012 walizindua GOV.UK, wakaanza kuhamishia humo vitu vilivyokuwa vimetapakaa kwenye saiti kibao za wizara na mashirika, na utaratibu wao wa kawaida ni jicho la pili, yaani aliyeandika siye anayepitisha. Mtu mmoja mwingine, sio saba. Mimi nilichopenda zaidi ni upande wa dharura: kwenye mfumo wao unaweza ukalazimisha kuchapisha bila kukaguliwa, ila lazima uandike sababu, na ukurasa unabaki na alama kwamba haujapitiwa mpaka mwenzio aje aupitie. Kwa hiyo haraka inaruhusiwa na inaonekana. Kwetu haraka hairuhusiwi kimaandishi ila inafanyika kwa simu, "weka tu bosi kasema", na wiki ijayo hakuna anayekumbuka bosi yupi.

Halafu kuna hili la kuchanganya vitu vyenye uzito tofauti. Saa za kufungua, simu, ramani, hivyo tawi liviweke lenyewe. Promosheni, ajira, habari za kudhamini bonanza, jicho la pili linatosha. Ada, riba, bei ya kununulia mazao, masharti ya mkataba na matokeo ya fedha, hapo ndo mlete wanasheria na watu wa fedha wote mnaowataka. Kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam haiwezi kumuachia kijana wa masoko ajipangie siku ya kupandisha matokeo ya robo mwaka, hiyo naelewa kabisa na hakuna anayebisha. Ila kuchukua ulinzi wa matokeo ya fedha ukaubebesha namba ya simu ya tawi la Kaliua, jamani.

DHANA: Tawi likipewa funguo litaharibu brandi

Hii inasemwa kwa heshima sana kwenye vikao lakini maana yake tunaijua, watu wa mikoani hawajui.

WordPress, CMS ya bure ambayo ipo tangu 2003, inakuja na ngazi tofauti za watumiaji bila kuongeza chochote: mchangiaji anaandika lakini hawezi kuchapisha, mwandishi anachapisha vya kwake tu, mhariri anagusa vya wote, admini ndo mwenye nyumba. Drupal, CMS nyingine ya bure, nayo ina hatua za drafti na kupitishwa ndani yake. Na ukurasa wa tawi ukitengenezwa kwa visanduku, hiki cha simu, hiki cha saa, hiki cha ramani, mtu wa Sikonge akilogini hana hata pa kubadilishia rangi ya logo akitaka. Akikosea, historia inaonyesha nani kabadili nini saa ngapi, unairudisha ya jana kwa kubonyeza mara moja.

Linganisha na hali ilivyo maofisini sasa hivi. Paswadi moja ya admini iko kwa watu wanne na mmoja alishaacha kazi. Apruvo iko WhatsApp, dole gumba chini ya picha ya drafti, na ni drafti ya pili au ya tano Mungu ndo anajua. Siku mteja amekuja na malalamiko kwamba mliandika ada kiasi fulani mnaanza kuskroli kwenye grupu, na aliyeweka dole kashabadilisha simu. Brandi inaharibikia hapo, tawi wala halijagusa kitu.

DHANA: Mfumo wa bure ni wa mablogu, kampuni kubwa inunue wa bei mbaya

Websaiti ya ikulu ya Marekani ilihamia Drupal mwaka 2009, halafu 2017 ikahamia WordPress. NASA nao saiti yao mpya waliyozindua 2023 iko juu ya WordPress. Zote hizi ni programu huria, leseni hulipi, unalipa watu wa kuitunza na seva, na hapo ndo wengi wanapojidanganya kwa upande wa pili, eti kwa vile ni bure basi hata bajeti ya matunzo haihitajiki.

Kuna kisa kimoja kila mtu wa kamati za IT anatakiwa asimuliwe. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal walitangaza tundu kubwa la usalama, la kuwapitishia wadukuzi, kwenye toleo la 7 pamoja na kiraka chake, yaani apdeti ya kuliziba. Wiki mbili baadaye timu yao ya usalama ikasema wazi kwamba saiti yoyote ambayo haikuwekewa kiraka ndani ya saa 7 tangu tangazo, mwenye nayo aichukulie kama imeshaingiliwa. Saa 7! Kwa saa zetu huku tangazo lilitoka saa moja jioni na kufika saa nane usiku mchezo umekwisha, kabla hata muadhini wa Ujiji hajaamka. Sasa niambie kampuni ambayo kuapdeti seva kunasubiri kikao cha Jumanne, fomu tatu na saini ya mtu aliyeko semina, ingefanyaje? Mfumo ungekuwa wa bure au wa mabilioni wangeingiliwa tu, kwa sababu kilichowachelewesha ni apruvo. Ndo maana viraka vya usalama vinatakiwa viwe na njia yao: mtu wa zamu amepewa ruhusa mapema, anaweka, bakapu ipo, ripoti anatoa asubuhi.

(Na kama bado mko kwenye hiyo Drupal 7, msaada wake rasmi uliisha Januari 2025. Nasema tu.)

DHANA: Kuhama ni kukopi na kupesti

Kampuni yenye umri kidogo ina makurasa maelfu, na mengi hayajafunguliwa na binadamu miaka na miaka. Ukiyahamisha yote umehamisha takataka, tena sasa kila moja linahitaji mwenye nalo na mkaguzi. Orodhesha kwanza, angalia yanayotembelewa, kila linalobaki liandikiwe jina la mwenye nalo na tarehe ya kulipitia tena, lisilo na mwenyewe lisihame. Hapo mtagombana sana maana kila idara inapenda ukurasa wake, hata kama unatangaza semina iliyopita zamani.

Kingine ni anwani. Tim Berners-Lee, huyo huyo aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki, na mpaka leo watu wanazibadilisha kila wakibadilisha mfumo. Kumbuka kuna mabango yenye msimbo wa QR yamebandikwa soko la Mwanga pale Kigoma, kuna vipeperushi viko kwa mawakala, kuna linki kwenye meseji za wateja. Ukibadilisha anwani bila kuweka maelekezo ya kudumu, wale wa mitambo wanaita 301, mtu anaskani bango anakutana na "ukurasa haupo" na bando limeshakatwa. Google nayo ilikuwa inaijua anwani ya zamani, inabidi ianze kukutafuta upya.

DHANA: Mpaka kuwe na PDF yenye mhuri ndo rasmi

Karatasi imesainiwa, ikagongwa mhuri, ikaskaniwa kinyumenyume, ikapandishwa. Ile ni picha. Programu inayomsomea asiyeona haioni neno hata moja, kutafuta ndani yake haiwezekani, na kwenye simu ndogo unavuta kushoto kulia mpaka macho yanauma. Urasmi uko kwenye kumbukumbu ya nani kapitisha na lini, mfumo unaitunza. Mteja mpeni maandishi.

Na kwenye picha za watu hapo hapo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo ile picha ya mkulima wa tumbaku anayecheka mliyoipiga Urambo, ridhaa yake iko wapi? Iambatanishwe na picha yenyewe ndani ya mfumo, isiwe kwenye droo ya mtu, na asiyeambatanisha mfumo usimruhusu kusonga hatua inayofuata.

DHANA: Kiswahili kitafuata

Nimeliacha mwisho kwa sababu linaniudhi. Drafti inaandikwa kwa Kiingereza, inapita kwa wote saba kwa Kiingereza, inapanda, halafu kuna mtu anaambiwa "tafsiri fasta weka". Hiyo ya Kiswahili haijaonwa na mwanasheria wala mhariri, na ndo hiyo hiyo inayosomwa na mteja wa Igunga anayetaka kujua akichelewesha rejesho faini yake ni kiasi gani. Ada ikibadilika Kiingereza kinaapdetiwa siku hiyo hiyo, Kiswahili kinabaki na ada ya zamani, mteja anakuja dirishani na simu mkononi, anamuonyesha dada wa kaunta, dada wa watu anabaki anatetea kitu ambacho hata hakukiandika. Mifumo mingi ya sasa inaruhusu lugha mbili kwenye ukurasa mmoja zenye hatua zake za apruvo kila moja, kwa hiyo weka sharti kwamba ukurasa wa ada hauendi hewani mpaka zote mbili zimepitishwa, na anayepitisha ya Kiswahili asiwe yule yule aliyetafsiri. Ikiwezekana awe ni mtu wa kaunta.