Mbona pipa la pili kwa fleti hukaa tupu

Kazi yangu ni taka. Nazunguka majengo ya kupanga hapa Nakuru, Section 58, Naka, siku hizi hadi Kiamunyi, nikisaidia watu kutenganisha taka kabla hazijapandishwa kwa jaa la taka la Gioto, na swali la malandlodi ni lilelile kila mahali: mapipa nimenunua, rangi nimepaka, mbona watu bado wanamwaga kila kitu pamoja? Wanadhani wapangaji hawajali. Mimi sikubali hata kidogo, juu nimeingia jikoni nyingi sana na nimeona venye mambo huenda.

Sheria tunayo tayari. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe palepale zinapotoka, zinazooza kando, zisizooza kando. Lakini anayeshuka ngazi na ndoo kutoka orofa ya nne ni nani? Mara nyingi ni mtoto, ama ni dada wa kazi, giza limeingia, chakula kiko motoni, na huyo hajawahi kuitwa kwa mkutano wa wapangaji, na ile notisi ya grupu ya WhatsApp iko kwa simu ya mpangaji mwenyewe. Ndiyo maana siku hizi siitishi mkutano. Nabisha hodi mlango kwa mlango, nasema na yule anayebeba ndoo.

Jumamosi moja nilitandika turubai uani, nikaomba ndoo ya nyumba moja, mama mwenyewe akakubali, nikaimwaga watu wakiona. Vijiti vya sukuma, maganda ya viazi, majani ya chai, ukoko wa ugali, pampasi mbili, pakiti za maziwa, chupa ya soda, mtungi wa mafuta ya kupika, na trei ya mayai iliyolowa mchuzi hadi ukiishika inakatika mkononi. Hiyo trei ndiyo nilitaka waone. Ni karatasi, na ingekuwa kavu ingetengenezwa karatasi tena, lakini nyuzi zikishanyonya mafuta ya chakula hakuna kiwanda kinazitaka. Chupa nayo ikijaa majani ya chai mnunuzi wa chakavu anaikataa ama anakukata bei. Kwa hivyo mimi sianzi na plastiki, naanza na chakula. Ukitoa vitu vibichi vya jikoni tu, hivyo vingine, ukiacha pampasi, vinabaki vikavu na vina soko, na harufu kwa ngazi inapungua, na hapo hata yule jirani mkali anaanza kusikiliza.

Watoto nawapatia beseni. Kata chupa ya maji vipande vidogo, kata na kifuniko chake, tia vyote kwa beseni la maji ukoroge. Vipande vya chupa vinazama, vya kifuniko vinaelea. Ni plastiki mbili tofauti kabisa: ya chupa inaitwa PET na huyeyuka karibu nyuzi 250, ile ya kifuniko huyeyuka mapema sana, chini ya 170, ukiziyeyusha pamoja unapata kitu dhaifu kisicho na kazi. Viwanda hutumia njia hiyohiyo ya maji kuzitenganisha. Mtoto akishaona hivyo anaenda kumfundisha mamake, na huyo anafundisha vizuri kuniliko.

Sasa kuna kitu kiliniuma. Jengo moja walijitahidi wiki tatu nzima, ndoo mbili kila nyumba, safi. Asubuhi moja gari la kuzoa taka likaja, vijana wakapakia mapipa yote mawili ndani ya gari moja, na mama mmoja akaona kila kitu kutoka kwa balkoni yake. Kufika jioni grupu yote ilijua, na kesho yake ndoo ya pili ilikuwa inafuliwa nguo. Siwezi kuwalaumu hata kidogo! Tangu hiyo siku sikubali jengo lolote lianze kabla hatujaelewana na mzoaji siku tofauti, vibichi Jumanne na Ijumaa, vikavu Jumamosi, hivyo hata dereva akiwa na haraka hakuna cha kuchanganya.

Ndoo usinunue. Omba mafundi wa rangi zile tupu za lita 4, zioshwe vizuri, chini weka maranda kutoka kwa seremala, na kila ukitupa maganda ongeza maranda kidogo juu, yananyonya maji na inzi wanapungua. Mapipa yawe yamesimama pamoja njiani kuelekea geti, lisipelekwe moja nyuma ya jengo, mtu hatazunguka. Vibichi viende mbolea. Kuna wafugaji huja kuvitaka vya nguruwe, lakini mabaki yasiyochemshwa yanaweza kubeba homa ya nguruwe, mimi huwakataza. Pesa ya chupa na karatasi, ni ndogo lakini ipo, naomba landlodi amwachie keateka na anayefagia ngazi, kwa sababu ndio wanaoinama.

Halafu kuna mwisho wa mwezi. Pikapu inaingia na vitanda na magodoro, familia mpya haijui lolote, na nyumba mbili tatu zikibadilika hivyo pipa la vikavu linaanza kunuka tena. Kwa majengo ninayosimamia, keateka akimpa mpangaji ufunguo anamwonyesha mita ya stima, anamwonyesha pa kufungia maji, kisha anamkabidhi ndoo na maranda yake ndani.