Gari la kale mtandaoni: yanayosemwa na tangazo, yanayosemwa na chuma

Tangazo la gari la kale likipotosha, mara nyingi halisemi uongo waziwazi. Huchukua neno lililo kweli kwa sehemu ndogo ya gari, kisha likalitandaza juu ya gari zima. Bodi ya nje haina kutu, basi "gari halina kutu". Injini ni ya aina ileile iliyofungwa kiwandani, basi "injini ni ya asili". Mnunuzi ambaye moyo umeshachukuliwa na picha ya kwanza hujaza mapengo mwenyewe. Nayapenda sana magari haya, na inaniuma mtu anapotoa akiba ya miaka mingi kwa dosari ambayo swali moja tu lingeifichua. Haya hapa ni madai ninayoyaona mara kwa mara, na yale yanayoweza kuthibitishwa.

Dhana: "Namba zote zinaoana, kwa hiyo injini ndiyo iliyotoka na gari kiwandani"

Hakuna dai linalopandisha bei kama hili, na hakuna linaloeleweka vibaya kama hili. Wengi hudhani kila gari la kale lina tarakimu za chasisi zilizopigwa pia kwenye injini. Kwa magari mengine ni kweli: kampuni ya General Motors, kuanzia modeli za mwaka 1968, ilipiga sehemu ya namba ya chasisi kwenye injini na giaboksi. Lakini Jaguar E-Type ina namba yake ya chasisi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi, kila moja tofauti na mwenzake. Kinachoziunganisha ni kumbukumbu za kiwanda. Porsche 911 za zamani pia ni hivyo. Muuzaji wa gari la namna hiyo anaposema namba zinaoana bila kuonyesha cheti kinachozitaja zote, hajathibitisha kitu.

Kuna pia magari ambayo dai lenyewe haliwezi kuthibitishwa kwa namba. Ford Mustang ya 1965 yenye injini ya kawaida haikupigwa namba ya gari kwenye injini. Cha kutazama ni tarehe iliyosubiwa kwenye chuma cha bloku, yaani mwili mkuu wa injini. Tarehe hiyo ikiwa kabla ya siku gari lilipoundwa, kwa majuma au miezi michache, injini inaweza kuwa yake. Ikiwa baada ya siku hiyo, haiwezi kuwa yake hata muuzaji aape vipi. Ona tofauti: tarehe inaweza kukanusha, lakini haiwezi kuthibitisha moja kwa moja.

Halafu kuna namba zilizopigwa upya. Uso wa bloku ukisagwa, namba ya kwanza hufutika na nyingine hupigwa mahali pake. Wakati mwingine ni matokeo ya matengenezo halali, maana uso huohuo husagwa injini inapofunguliwa ili gasketi ikae sawa. Wakati mwingine ni udanganyifu wa makusudi. Mjuzi hutazama mistari midogo iliyoachwa na mashine ya kiwandani: kama namba inaonekana nzuri lakini mistari imetoweka, kuna swali la kujibiwa. Omba picha ya karibu ya sehemu hiyo, iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Muuzaji mwenye gari la kweli huwa anazo tayari.

Karatasi zipo kwa magari mengi. Jaguar Daimler Heritage Trust hutoa vyeti vya Jaguar. Jumba la British Motor Museum lililoko Gaydon, Uingereza, hutoa vya MG, Austin na Morris. Kwa Ford za Marekani kuanzia modeli za 1967 kuna ripoti iitwayo Marti Report, na kwa Pontiac kuna rekodi za PHS (Pontiac Historic Services). Kumbuka tu kwamba cheti hueleza gari lilivyotoka kiwandani. Hakielezi lilivyo leo, na wauzaji wengi hukitumia kana kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Dhana: "Lina nembo, mistari na viti vya modeli maalumu, basi ni modeli hiyo"

Nembo hununuliwa dukani. Viti pia.

Mfano mzuri ni Pontiac GTO. Mwaka 1964 na 1965 GTO haikuwa modeli inayojitegemea, bali kifurushi cha nyongeza juu ya modeli iitwayo LeMans, kwa hiyo namba ya chasisi haikuambii kama gari lilizaliwa GTO. Kuanzia 1966 ikawa modeli kamili, na namba yake huanza na 242. Gari la 1966 linalouzwa kama GTO huku namba ikianza kwa tarakimu nyingine limeshajieleza lenyewe. La 1965 linahitaji rekodi ya PHS, basi. Chevrolet Chevelle SS ilikwenda kinyume: kati ya 1966 na 1968 namba ya chasisi huitambulisha kwa 138, lakini kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi na utambulisho huo ukapotea. Ndiyo maana magari ya 1969 na 1970 yaliyogeuzwa kuwa SS ni mengi.

Kwa mabasi madogo ya Volkswagen tatizo liko kwenye madirisha. Modeli iitwayo Samba yenye madirisha 23, na ile ya baadaye yenye 21, huuzwa ghali sana kuliko basi lenye madirisha 11. Kwa hiyo wapo waliokata paa na ubavu wa basi la kawaida wakaongeza madirisha. Kazi ikiwa nzuri, picha haitakuonyesha. Bamba dogo lenye misimbo ya kiwandani, maarufu kama M-plate, litakuonyesha, pamoja na cheti cha kuzaliwa kwa gari kinachotokana na kumbukumbu za Volkswagen.

Na Cobra, gari la michezo la Carroll Shelby: za asili zilikuwa kama 1,000 tu, lakini nakala zake ni nyingi kuliko hizo mara nyingi. Tangazo linaloandika "Cobra 1965" bila kutaja namba ya chasisi lichukulie kuwa linauza nakala, mpaka lithibitishe vinginevyo. Nakala si aibu. Nyingine zimeundwa kwa ustadi mkubwa na zinaendesheka kwa raha. Kosa ni kuiuza kwa bei ya asili.

Dhana: "Odomita inasoma maili 42,000, na hazijachezewa"

Odomita (kihesabu umbali) nyingi za zamani zina tarakimu tano. Zikifika 99,999 hurudi sifuri. Kwa hiyo 42,000 inaweza kuwa 42,000, au 142,000, au zaidi, bila mtu yeyote kugusa kitu. Juu ya hilo, dashibodi hubadilishwa, waya wa odomita hukatika na gari likaendeshwa miaka bila kuhesabu.

Marekani ilipiga marufuku kuchezea odomita kwa sheria ya mwaka 1972, lakini magari ya kale husamehewa kutoa tamko la maili wakati wa kuuzwa. Ukiona neno la msamaha kwenye hati ya gari la kale, maana yake ni kwamba hakuna aliyethibitisha namba hiyo.

Maili chache zina ushahidi wake wa pembeni: risiti za gereji zenye tarehe na usomaji, vyeti vya ukaguzi, stika za kubadilisha oili. Kisha mwili wa gari: mpira wa pedali uliolika upande mmoja, mlango wa dereva unaoshuka ukiufungua, usukani uliolainika kwa mikono. Kama pedali ni mpya kabisa na kila kitu kingine kimechoka, uliza kwa nini.

Dhana: "Halina kutu"

Hapa muuzaji huzungumzia anachokiona, na kutu huanzia asipoona. Kwenye MGB huanza ndani ya vizingiti vya chini ya milango, ambavyo ni sehemu ya nguvu ya bodi, wala si urembo. Kwenye Volkswagen Beetle huanza kwenye sakafu, hasa chini ya betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, na kwenye mifereji ya hewa ya moto iliyo pembeni. Rangi ya juu inaweza kung'aa wakati gari linaoza chini yake.

Land Rover za zamani hudanganya watu kwa namna yake. "Ni alumini, haiozi," tangazo husema. Paneli nyingi za nje ni alumini tangu gari lilipotoka 1948, ni kweli. Chasisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Hivyo viwili ndivyo vinavyooza, na ndivyo vilivyo ghali kutengeneza. Tena pale alumini inapokutana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe huliwa ikawa unga mweupe.

Sumaku iliyofunikwa kitambaa laini bado ni kipimo kizuri cha puti kwenye chuma, ila haina kazi kwenye alumini wala faiba. Kipimo cha unene wa rangi ni bora zaidi: rangi ya kiwandani kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150, na usomaji unaopita 1,000 ni puti. Dawa nyeusi ya kuzuia kutu iliyopakwa juzi chini ya gari lote inanitia wasiwasi kuliko kutu yenyewe, maana kutu ningeweza kuiona.

Dhana: "Lilikuwa linawaka lilipoegeshwa"

Huenda ni kweli tupu. Haisaidii. Petroli ikikaa hugeuka utomvu unaoziba kabureta, na ile yenye ethanoli huvuta unyevu. Oili ya breki nayo huvuta maji, silinda za magurudumu zikashika. Ringi za pistoni hugandamana na ukuta wa silinda. Panya hula nyaya. Gari la hivyo usikubali liwashwe kwa betri ya kuazima ili "usikie injini" kabla ya kutia oili kidogo kwenye silinda na kuizungusha injini kwa mkono. Jaribio hilo moja linaweza kuvunja kilichokuwa kizima.

Ndugu wa dai hili ni gari lililogunduliwa ghalani, vumbi na yote. Umaarufu wake una sababu. Mwaka 2014 magharibi mwa Ufaransa ulipatikana mkusanyiko wa Roger Baillon, magari yaliyotelekezwa kwa miongo, na Februari 2015 nyumba ya mnada ya Artcurial iliyauza Paris. Ferrari 250 GT California Spider moja ilipita euro milioni 16. Lakini watu hawakulipa kwa sababu ya vumbi. Namba ya chasisi ilijulikana, historia yake ilijulikana, na kulikuwa na picha za mwigizaji wa Kifaransa Alain Delon akiwa kwenye usukani. Mengine kwenye mkusanyiko huohuo yalikuwa makopo yaliyooza. Vumbi halina thamani, na unyevu unaoshikwa nalo hula rangi.

Dhana: "Limekarabatiwa lote"

Uliza: bodi ilitenganishwa na chasisi? Lini? Picha za kila hatua ziko wapi, na risiti? Kazi ya namna hiyo huchukua maelfu ya saa, na ni nadra mno mtu aliyeilipia akakosa hata picha moja. Kupiga rangi gari likiwa limefungwa milango, kisha kushona viti, ni kazi nyingine kabisa.

Dhana: "Ni 1 kati ya 1"

Ukijumlisha rangi, aina ya viti, redio, giaboksi na kioo cha pembeni, karibu kila gari la Marekani la miaka ya 1960 litakuwa la pekee. Uhaba una thamani pale watu wanapoutafuta. Magari ya milango minne ya enzi hizo yaliyobaki mara nyingi ni machache kuliko ndugu zao wa milango miwili, na bado ni nafuu.

Dhana: "AC inahitaji gesi tu"

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Ikipungua, imevuja. Na magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R12, ambayo nchi zilizoendelea ziliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995 chini ya Itifaki ya Montreal. Kuhamia R134a, gesi iliyochukua nafasi yake, huweza kudai mipira, oili na kifaa cha kukaushia vipya. Kama ingekuwa gesi tu, muuzaji angeijaza kabla ya kupiga picha.

Dhana: "Bei haishuki kamwe"

Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, bei za magari yake zilipaa kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko likaanguka, na walionunua kileleni walisubiri miaka mingi.

Matangazo pia hupenda kutaja bei ya mnada fulani kama ushahidi. Angalia kama ni bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho iliyotajwa mnadani, au iliyojumlishwa ada ya mnunuzi, na kama gari lile lilikuwa na karatasi ambazo hili halina. Bei za matangazo mengine hazisaidii kulinganisha: hizo ni bei zinazoombwa, na gari linaloombewa bei hiyo kwa mwaka mzima bado halijapata aliyekubali kuilipa.