Historia ya vyombo vya nyumbani: maana yake

Historia ya vyombo vya nyumbani ni tawi la historia linalochunguza watu wa zamani walikalia nini, walilalia nini, walipikia nini, na nani aliruhusiwa kugusa kipi. "Vyombo" hapa tuvichukue kwa maana ile pana ya arusini: kitanda, mkeka, taa, sufuria, kila kitu cha nyumba.

Wataalamu wake si wengi na majina yao hayasikiki sana. James de Vere Allen, aliyewahi kuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu, aliandika makala nzima kuhusu kiti cha enzi na viti vingine vya Waswahili, ikachapishwa mwaka 1989. Makala nzima kuhusu viti! Lakini kitazame kiti chenyewe. Ni cha mbao nyeusi kama mpingo, kikalio na mgongo vimesukwa kwa uzi, kimetiwa urembo wa pembe au mfupa, na mbele kina kibao cha kuwekea miguu. Mgongo umesimama wima, kwa hiyo anayekikalia hawezi kujinyoosha. Hukaa kama mtu anayetazamwa. Ndiyo maana aliwekewa mgeni wa heshima.

Ukiingia zaidi katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, unafika chumba kiitwacho "ndani", kilicho mbali na mlango wa kuingilia, na kwenye ukuta wake kuna zidaka: safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, ambamo zilipangwa sahani na bakuli kutoka China. Bidhaa iliyovuka bahari ikawekwa mbali na macho ya mpita njia. Hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu heshima na faragha ya mji ule.

Mimi kinachonigusa zaidi ni mbuzi ya kukunia nazi. Ya bibi yangu imelika na kung'aa upande mmoja wa kikalio kuliko mwingine, kwa kuwa miaka yote alikaa kiupande. Bibi hakuacha barua hata moja, ila mkao wake umebaki pale. Mtafiti wa fani hii akiishika, ataigeuza kwanza aangalie chini, palipopigwa msumari mpya mguu ulipovunjika, ajue kwamba hata baada ya kuvunjika bado kulikuwa na nazi za kukuna.