Kabla Hujauza Kifaa cha Kuwapeleleza Watu

Vyuo vya Kisumu, Maseno, Kakamega na Nakuru hutoa vijana wengi wa kompyuta kila mwaka. Baadhi hufungua vibanda vya kutengeneza simu, wengine hufunga kamera madukani na kwenye mageti ya nyumba za kupangisha, na wachache huingia katika kampuni zinazowania zabuni za kaunti au za serikali kuu. Mimi hufundisha maadili ya teknolojia hapa Kisumu, na kuna swali vijana hawa huniuliza sana: nikimuuzia mteja kifaa kwa njia halali, naye akakitumia kuwaonea watu, mimi nina kosa gani?

Kosa lipo. Ukubwa wake hutegemea jambo ambalo muuzaji anaweza kulichunguza kabla ya kutia sahihi: je, kuna mtu anayeweza kumkataza mnunuzi huyu, naye akatii? Jaji wa kumnyima kibali, kamati ya bunge ya kumuita ajieleze, mkaguzi wa hesabu, mwandishi wa habari asiyeishia jela kwa kuuliza. Serikali zote hupeleleza, na zipo sababu nzuri za kupeleleza. Mtoto akitekwa Kondele usiku wa leo, sote tutataka polisi wajue simu ya mtekaji iko wapi. Kifaa hicho hicho kikiwa mikononi mwa mtawala asiyekatazwa na yeyote, kitamfuata wakili, mwanahabari, kijana aliyebeba bango na hata mama yake kijana huyo.

Kampuni kubwa za biashara hii hupenda kujifananisha na muuza panga. Panga likimkata jirani, husema, lawama ni ya aliyelishika. Utetezi huo ungekuwa na uzito kama wangeuza na kuachana na mteja. Muuza panga wa Kibuye hapokei ada ya kila mwaka, hamfundishi mteja pa kukata, wala harudi usiku kulinoa likibutuka. Muuza programu ya kijasusi hufanya yote matatu. Simu zetu husasishwa mara kwa mara, na kila sasisho huziba baadhi ya nyufa ambazo programu hizo hupenyea. Mteja akiachwa peke yake, mtambo wake huwa bure baada ya muda mfupi. Kwa hiyo ananunua leseni yenye mwisho, yenye idadi maalumu ya simu anazoweza kuzivamia kwa wakati mmoja, pamoja na mafunzo na mafundi wa kumsaidia anapokwama. Muuzaji yumo ndani ya kazi hiyo tangu siku ya kwanza hadi mkataba uishe.

Tazama yaliyoipata kampuni ya NSO Group ya Israeli, inayouza programu ya kijasusi ya Pegasus. Agosti 2016, mtetezi wa haki za binadamu katika Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipokea ujumbe mfupi kwenye iPhone yake. Ulimwahidi siri mpya kuhusu watu wanaoteswa katika magereza ya nchi yake, na chini yake palikuwa na kiungo cha kubonyeza. Aliyeuandika alijua vizuri ni jambo gani lingemfanya mtu huyu abonyeze. Mansoor hakubonyeza. Aliupeleka kwa watafiti wa Citizen Lab katika Chuo Kikuu cha Toronto, nao wakagundua kwamba angekigusa kiungo hicho, simu nzima ingekuwa mali ya anayempeleleza: maikrofoni, kamera, ujumbe, mahali alipo. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Oktoba 2019, WhatsApp iliishtaki NSO nchini Marekani kwa kuwalenga watumiaji wake wapatao 1,400. NSO imeshikilia siku zote kwamba huziuzia serikali tu, kwa ajili ya kupambana na ugaidi na uhalifu mkubwa, na kwamba serikali hizo ndizo zinazoendesha mtambo. Hati za kesi zilizowekwa wazi Novemba 2024 zilisema mengine. WhatsApp, ikinukuu ushahidi wa watu wa NSO wenyewe, ilieleza kwamba mteja alihitaji tu kuandika namba ya simu anayoitaka, na kazi iliyobaki ilifanywa na mfumo wa kampuni. Humo humo ilidhihirika kwamba NSO iliwahi kuwakatia huduma wateja 10 kwa sababu ya matumizi mabaya. Hapo ndipo ningependa kila fundi kijana asimame na kufikiri. Anayeweza kumkatia mteja huduma alikuwa na uwezo huo tangu mwanzo, na kila mwezi alioendelea kumhudumia aliamua kuendelea. Desemba 2024, jaji wa California aliamua kwamba NSO ina hatia ya kuvunja sheria kwa uvamizi huo.

NSO haiko peke yake. Hacking Team ya Milan, Italia, iliyouza programu kama hiyo kwa serikali, ilidukuliwa yenyewe Julai 2015, na takriban gigabaiti 400 za barua pepe, ankara na mikataba zikamwagika hadharani. Sudan na Ethiopia zilikuwa miongoni mwa wateja. Kuhusu Ethiopia, watafiti walikuwa tayari wameonyesha mwaka 2014 kwamba programu hiyo iliwalenga wanahabari Waethiopia walio ughaibuni, na barua zilizovuja zilionyesha kampuni ikijadili namna ya kurejesha biashara na mteja yuleyule. Ufaransa, kampuni ya Amesys iliyoiuzia Libya ya Muammar Gaddafi mtambo wa kunasa mawasiliano ya intaneti ilijikuta mbele ya mahakimu wachunguzi, na mwaka 2021 kampuni yenyewe na wakuu wake wakafunguliwa mashtaka ya kushiriki katika mateso. Kwa hiyo anayesema muuzaji hawezi kufikishwa kortini yuko nyuma ya wakati.

Watu wa Nyanza wanapaswa kuielewa habari hii kuliko wengi, maana babu zetu waliivaa shingoni. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kutembea na kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, ndani ya kijisanduku cha bati kilichoning'inizwa kwa kamba. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mfanyakazi hangeweza kuajiriwa kwingine, na akitoroka, alama za vidole zilizohifadhiwa Nairobi zilimfichua. Polisi yeyote angeweza kumsimamisha njiani akidai kukiona. Mtu huyo hakuwa na jaji wa kumlilia wala mbunge wa kumpigia kura.

Desemba 1921, watu walikusanyika Lundha, Gem, wakaunda Young Kavirondo Association, vuguvugu ambalo wengi hulikumbuka kwa jina la Piny Owacho. Kipande na kodi ya nyumba vilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu. Walikuwa wametambua kwamba orodha ya majina na vidole, inayoshikwa na mtu asiyewajibika kwao, ni silaha hata kabla haijatumika kumpiga mtu.

Mfumo kama huo uliishi muda mrefu zaidi Afrika Kusini, na huko ndiko kulikotoka funzo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid nchini Marekani, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waliona kazini mwao kielelezo cha kitambulisho cha idara ya migodi ya Afrika Kusini. Wakafuatilia, wakajua kwamba kamera za kampuni yao zilitumika kutengeneza pasi za ubaguzi wa rangi. Walipinga hadharani, wakaitisha mgomo wa wanunuzi, na Hunter akafutwa kazi. Polaroid iliahidi kutoiuzia serikali hiyo, lakini mwaka 1977 ikafichuka kwamba wakala wake huko alikuwa akiiuzia kwa siri. Ndipo kampuni ikaondoka kabisa. Wanafunzi wangu hupenda kumshangilia Hunter, nami huwaomba wamtazame pia yule wakala. Biashara nyingi za hapa kwetu zitatujia kwa umbo lake: kampuni kubwa iko mbali, wewe ndiye unayeagiza, kufunga na kutoa risiti.

Tusidhani mambo haya hayajafika. Uganda, hatua chache tu kutoka Busia, polisi walinunua kamera za Huawei kwa dola milioni 126, na Novemba 2020 wakasema walizitumia kuwasaka walioshiriki maandamano baada ya Bobi Wine kukamatwa. Desemba 2020, Citizen Lab iliitaja Kenya miongoni mwa nchi 25 zinazoelekea kuwa wateja wa Circles, kampuni inayotumia udhaifu wa mitandao ya simu kujua mtu alipo bila kuigusa simu yake. Kati ya Juni na Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliandikisha visa 82 vya watu kutekwa nyara, na kote nchini watu waliuliza: watekaji walijuaje mtu alipo? Mwaka 2025, watengenezaji filamu waliokuwa wamekamatwa Nairobi walirudishiwa simu zao, na uchunguzi wa Citizen Lab ukapata kwamba programu ya FlexiSPY iliwekwa ndani zilipokuwa mikononi mwa polisi.

FlexiSPY haihitaji mkataba wa siri. Mtu yeyote mwenye kadi ya benki huinunua mtandaoni. Fundi mmoja wa simu hapa mjini alinisimulia jinsi mteja alivyomletea simu yenye kioo kizima kabisa, akamwomba aweke kitu cha kusoma meseji kisha airudishe kabla mwenyewe hajatoka kazini. Mwenyewe alikuwa mke wake. Fundi alikataa na kupoteza pesa za siku nzima. Alifanya sawa kimaadili, na kisheria vilevile: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaharamisha kuingia katika kifaa cha mtu bila idhini, na pia kuuza au kuagiza kifaa kilichoundwa hasa kwa ajili ya kosa hilo.

Upande wa serikali, Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano, na sheria ya Idara ya Ujasusi ya 2012 inataka kibali cha jaji wa Mahakama Kuu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo ina mwanya mkubwa unaoitwa usalama wa taifa. Mwanya huo naona umepanuliwa mno, na ndio wauzaji wengi hujificha ndani yake.

Kaunti yako ikitangaza kamera za kutambua nyuso sokoni au kwenye stendi ya matatu, nenda kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma. Uliza picha zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani nje ya kaunti ataziona, na kama mkataba unampa muuzaji haki ya kusitisha huduma pakitokea dhuluma. Uliza pia kama tathmini ya athari kwa data za watu ilifanywa kabla ya zabuni. Mfumo wa Huduma Namba, wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, ulikwama Mahakama Kuu Oktoba 2021 kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa. Na wewe unayefunga kamera hizo una haki ya kuuliza maswali hayo hayo kabla hujapanda ngazi.

Ukiona data zako zimetumiwa vibaya, iwe na duka, mwajiri au ofisi ya umma, lalamika kwa Kamishna wa Data. Malalamiko hupokelewa kwa mdomo au kwa maandishi, na sheria inaitaka ofisi hiyo iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90.